Rufaa ya Meno Mawili

Tulipomzika Bibi Foibe kule Zuzu, watu walinitazama sana, na najua walichokuwa wakinong'ona. Mtalaka wa Enoki amefuata nini kwenye msiba wa aliyekuwa mama mkwe wake, tena amekaa mkeka wa mbele, tena amejifunga kanga kiunoni kama mwenye mji? Binti mmoja wa ukoo ule, wa kuzaliwa juzi, alisogea na sahani ya wali akaniuliza kwa adabu, "Shikamoo bibi. Samahani, wewe ni nani wa marehemu?" Nikamwambia marahaba, mimi ndiye niliyemsimamisha mahakamani. Aliniachia sahani akakimbilia jikoni, na kutoka jikoni nikasikia kicheko cha wanawake wazima wanaokumbuka. Sikucheka. Nilikula wali wangu, nikatazama lile kaburi bichi na treni ya umeme iliyopita upande wa pili bila kelele ya kutosha kumwamsha mtu, nikaona kwamba katika waliokaa pale, waliobaki na mwaka ule kichwani tulikuwa wachache. Nikaamua niuandike mwenyewe. Nimesoma darasa la nne, kalamu yangu ni nzito, lakini inafika.

Habari ya harusi yangu siiandiki, wala ya ng'ombe walivyotolewa. Mwaka ule nilikuwa bado msichana kwa umri, ingawa nilikwishaitwa Mama Nyemo. Enoki alikuwa na mwanamke mwingine huko Kaliua, alikokuwa amepata kazi ya reli, na kuachana hakukuwa na ubishi kati yetu, sote wawili tulitaka. Tulichogombania ni mtoto. Nyemo, kwa Kigogo ni furaha, na kweli alikuwa mtoto wa kucheka hovyo, akicheka unaona ulimi kwa sababu meno ya mbele ya chini hakuwa nayo. Enoki alitaka kumpandisha treni aende naye Kaliua. Vijana wa leo hawaelewi hilo lilikuwa na uzito gani. Leo mtoto akiwa Kaliua unampigia simu unamwona uso. Wakati ule akipanda treni ile, kwangu alikuwa amekwenda moja kwa moja, na mimi sikuwa na mtu wa kumfuata wala pa kumfuatia. Nilijua hivyo, na Enoki alijua kwamba najua.

Mahakama ya mwanzo iliyotusikiliza siitaji jina, maana waliokuwepo wengine wana watoto wao na wajukuu. Kilikuwa chumba kirefu chenye harufu ya popo, na benchi la wasikilizaji lilikuwa na mguu uliolegea, kwa hiyo aliyekaa mwisho akiinuka, wengine wote walishuka kidogo. Hakimu alikuwa mgeni wa kwetu, mtu safi, shati lake limenyooka. Pembeni yake wazee wa baraza wawili, mmoja macho, mwingine akisinzia waziwazi. Enoki alikuwa ameambiwa na mtu huko relini kwamba sheria inapenda mtoto wa chini ya miaka saba akae na mama yake. Basi alipoulizwa umri wa mtoto akasema, bila hata kukohoa, "Miaka saba, mheshimiwa. Anaelekea wa nane." Mimi nilikuwa najua nimemzaa lini. Mtoto alikuwa wa nne, hajafika wa tano. Lakini kadi yake ya kliniki ilikuwa imelowa ikaoza siku mvua ilipotoboa paa la tembe, na kubatizwa alikuwa bado, mchungaji wetu alikuwa na makanisa mengi kuliko miguu. Nikasema alizaliwa kifuku kile, masika yale ambayo korongo lilikata njia ya Kigwe. Hakimu akauliza ndio mwaka gani huo. Yule mzee aliyekuwa macho akasema korongo lilikata njia mara nyingi tu. Yule aliyesinzia akaamka akasema hapana, lilikata mara moja, hiyo nyingine lilivunja daraja. Wakaanza kubishana wao, mpaka hakimu akagonga meza.

"Mleteni huyo mtoto."

Nyemo alikuwa amekaa na bibi yake, Foibe, benchi la nyuma. Akaletwa mbele. Upande wa baba yake ni watu warefu, na yeye alikuwa mrefu kuliko wenzake. Hakimu akainama, akamwambia kwa upole, "Fungua mdomo, mama. Sema aaa." Mtoto akafungua, akasema aaa, akacheka.

"Meno ya chini yameng'oka," hakimu akasema. "Wazee, mnaona?"

"Tunaona, mheshimiwa."

"Mtoto hung'oka meno akiwa wa miaka mingapi?"

"Saba, mheshimiwa. Sita kwa saba hapo."

"Hayakung'oka," nikasema. "Hayajaota hata siku moja."

Watu wakacheka, benchi likayumba. Enoki mwenyewe akacheka. Hakimu akanitazama kama mtu anayemhurumia mwongo. "Mama, mtoto huyu anatafuna ugali na nyama. Meno yasiyoota tangu kuzaliwa umeyaona wapi?" Nikageuka nyuma kumtafuta Foibe, kwa sababu yeye ndiye aliyemlea mtoto nami nikiwa shambani, yeye alikuwa anajua kama mimi. Foibe alikuwa amekunja sweta ya Nyemo mapajani, anaitazama sweta. Hakuinua uso. Nikajua siku ile kuna jambo, lakini sikujua ni jambo gani.

Hukumu ilisomwa baada ya chakula cha mchana. Mtoto apewe baba. Mwishoni hakimu akasema, "Asiyeridhika ana haki ya kukata rufaa." Sasa hapa nieleze, maana watu wamenicheka miaka mingi na nimewaacha wacheke. Neno rufaa nilikuwa nalijua. Zahanati yetu ikishindwa na mgonjwa, ilimpa barua aende hospitali ya rufaa. Rufaa kwangu ilikuwa vitanda virefu na madaktari wa koti jeupe. Nikasimama nikasema, "Mheshimiwa, mtoto haumwi." Chumba kizima kiliangua kicheko. Mzee aliyesinzia alicheka mpaka akafuta machozi. Nikatoka nje sina mtoto na nimechekwa, na nje jua lilikuwa kali kama mnavyolijua.

Palikuwa na mwanamke aliyekuwa akiuza chai na viazi vya kuchemsha chini ya ukuta wa mahakama. Aliniita. "We mdogo wangu, kaa. Kunywa. Ni wewe uliyesema mtoto haumwi?"

"Ni mimi. Cheka na wewe."

"Nishacheka, nimemaliza. Sasa sikiliza. Rufaa siyo ya hospitali tu. Unakwenda mjini, mahakama ya wilaya, unasema huyu wa huku amekosea."

"Hakimu anaambiwaje amekosea?"

"Na nani amekwambia hakimu ni Mungu? Mimi shamba langu lilichukuliwa hapo hapo ndani, nikaenda wilaya, likarudi. Ukifika unaeleza yote upya, tangu mwanzo mpaka mwisho, wanakusikiliza. Ila usikae nyumbani ukilia. Kuna siku zimewekwa, zikipita wanafunga mlango."

Nilimwamini, na katika mengi alisema kweli. Katika moja alinipoteza, nitafika hapo.

Nilikwenda kwa shangazi yangu Perusi, Miyuji. Miyuji ya wakati ule haikuwa hii ya maghorofa na maduka ya vioo. Shangazi alikuwa na nyumba ya vyumba vinne, mwenyewe akikaa kimoja na vingine akipangisha, na kati ya chumba chake na cha jirani ukuta haukufika juu. Usiposema neno wewe, ulisikia ya jirani yote. Tulilala kitanda kimoja mimi na shangazi, miguu yake baridi mgongoni kwangu. Asubuhi uji wa uwele, jioni ugali na mlenda wa karanga, na kila jioni shangazi akisema neno lile lile: "Kula. Mwenye njaa hawezi kesi." Sikuwa na hamu ya kula lakini nilikula, niliumeza ugali kama dawa. Leo wajukuu wangu wakiwa na mitihani wakisema bibi sina hamu, ninawaambia hamu sijakuuliza.

Karani wa mahakama ya wilaya alikuwa kijana wa suruali pana. Akaniuliza, "Sababu za rufaa?"

"Meno."

"Meno ndiyo nini, mama?"

"Wewe andika meno. Nitayaeleza mbele."

Aliweka kalamu chini. Halafu, nadhani kwa kuchoka kuliko kwa huruma, akaniuliza mtoto yuko wapi sasa hivi. Nikamwambia yuko Zuzu kwa bibi yake, na baba yake anasubiri mapumziko yake ya kazi amchukue. Akasema, "Basi omba kwanza asiondolewe mpaka rufaa isikilizwe. Akishaondoka utashinda karatasi." Tukaomba. Nilipewa zuio, na mwenyekiti wa kitongoji cha Zuzu akapewa nakala yake. Enoki aliposomewa alisema maneno ambayo mama yake alikuja kunisimulia miaka baadaye, na ambayo kwenye kitabu hayaandikwi. Lakini alipanda treni peke yake.

Siku ya kusikilizwa, hakimu wa wilaya alikuwa mama wa makamo, miwani imekaa kwenye ncha ya pua. Nikasimama. Kama nilivyofundishwa na mwenye chai, nikaanza mwanzo kabisa: mheshimiwa, huyu Enoki alikuja kwetu kuposa wakati wa mavuno. Akaniinulia mkono.

"Mama Nyemo, subiri. Hapa hatuanzi upya."

"Niliambiwa ninaeleza yote."

"Aliyekwambia amekupoteza. Mimi nina maandishi ya kule chini, nimeyasoma yote. Kazi yangu ni kuangalia kama mwenzangu amefuata sheria na kama aliyoyaamua yanatokana na ushahidi aliokuwa nao. Nikiona amekosea, ninaweza kuigeuza hukumu yake, hata kuifuta. Sasa niambie alipokosea."

"Kwenye mdomo wa mtoto."

Hakucheka. Akafunua makaratasi. "Umesema meno hayajaota. Hakuna aliyekuunga mkono. Alikuwepo anayejua zaidi yako?"

Nikasema bibi yake. Akauliza mbona hakusema. Nikasema sijui. Akaandika kitu, akasema, "Ushahidi mpya kwenye rufaa sipokei hivi hivi tu, lazima niwe na sababu, na nitaiandika. Kama yupo mtu na ana neno, mlete tarehe ijayo. Kama hayupo, nitaamua kwa haya yaliyopo." Na yaliyopo nilikuwa nayajua. Yaliyopo yalikuwa kicheko na pengo.

Nilirudi Miyuji kichwa kimejaa. Jioni ile shangazi alikuwa anachambua mlenda mlangoni, mimi nimelala chali chumbani. Upande wa pili wa ukuta mpangaji, mke wa dereva mmoja wa serikali, alikuwa anamwogesha mtoto na kuzungumza na mgeni wake. Mgeni akauliza huyu mwanao wa kwanza mbona kibogoyo? Mpangaji akajibu, "Shoga, usiniulize. Alipokuwa mchanga alihara akachemka, mama mkwe akasema ni meno ya plastiki, akampeleka kwa bibi mmoja akachimbwa fizi kwa spoku ya baiskeli. Kuhara kuliisha, sijui kwa hilo au kwa dawa ya hospitali. Ila meno ya pale hayakuota tena." Mgeni akasema, "Ee, na bwana afya si amekataza?" "Ndiyo maana nakwambia usiniulize."

Niliinuka kitandani nikiwa nimekwisha kufahamu. Nyemo akiwa mchanga, nilikwenda kwetu kwenye matanga, nikamwacha kwa Foibe kwa sababu alikuwa na homa na njia ilikuwa mbaya. Niliporudi nilimkuta mtoto amenyamaza, fizi zimevimba, Foibe akaniambia alianguka akajigonga kwenye kinu. Nilipita mlangoni bila viatu. Shangazi akaniita, "Keziya, wapi tena? Mlenda huu!" Nikamwambia Zuzu. Akasema, "Zuzu kesho. Leo kula." Nikala. Kesho yake mapema nikaenda.

Jiko la Foibe lilikuwa lile tembe la upande wa mashariki, chini, unaingia umeinama, na ndani jiwe la kusagia lilikuwa limechimbika katikati kwa mikono ya wanawake wa mji ule, mikono yangu imo. Alikuwa anasaga uwele. Nyemo alinirukia shingoni, kisha akatoka nje kufukuza kuku. Nikamwamkia mama mkwe kwa Kigogo, "Mbukwa, yaya," yaani shikamoo mama. Akaitikia, "Mbukwa," akaendelea kusaga.

"Yaya, Nyemo hakujigonga kwenye kinu."

Jiwe likaendelea.

"Nyemo alichimbwa fizi. Nani alimchimba?"

"Umekuja kunikamata?"

"Nimekuja kuuliza."

"Alikuwa anakufa," akasema. Jiwe likasimama. "Hukuwepo wewe. Macho yameingia ndani, hanyonyi, halii. Ningekaa namtazama? Bwana afya alikuwa amekwisha kusema anayepeleka mtoto kuchimbwa atampeleka polisi. Nikampeleka usoni nimejifunika. Sasa nikasimame mahakamani niseme mimi ndiye? Na mwanangu amesimama pale anasema saba?"

"Mwanao amesema saba, na wewe unajua ni nne."

"Ni mwanangu."

"Na Nyemo ni nani?"

Akainuka, akanipakulia ugali na maziwa mgando, nikala, yeye amekaa ananitazama ninavyokula kama zamani nilipokuwa mwali wake. Sikumbembeleza, sikujua kubembeleza wakati ule na sijui hadi leo. Nilipomaliza nikamwambia tarehe, nikamwambia mahakama ilipo, ukiwa unatokea stesheni unapita mkono gani. Nikamwambia, "Sikuombi uwe upande wangu. Nakuomba useme ulichofanya, basi." Akachukua bakuli akalipeleka nje kuliosha bila kuniaga.

Siku ya tarehe Enoki alikuja, amepewa ruhusa kazini, amevaa koti. Foibe hakuwepo. Kesi ikaitwa. Hakimu akauliza, "Mama Nyemo, shahidi wako?" Nikasema, "Yupo njiani, mheshimiwa." Sikuwa na hakika yoyote. Lakini sikuwa tayari kusema hayupo. Hakimu akasema ataita kesi nyingine kwanza. Ikaitwa ya watu wa mbuzi, wakabishana, ikaisha. Ikaitwa nyingine. Enoki akawa ananitazama kwa tabasamu. Halafu mlango ukafunguliwa, na aliyeingia kwanza ni Nyemo, anavuta mkono wa mtu.

Foibe alisimama akashika kizimba kwa mikono miwili. Akaapishwa. Kiswahili chake kilikuwa cha kutafutatafuta, maneno mengine akayasema kwa Kigogo na karani akayafasiri. Alisema, mtoto huyu mimi ndiye niliyemchimbisha meno, akiwa wa kunyonya, na mama yake hakuwepo na hakuambiwa. Meno hayo hayakung'oka, yaliondolewa kabla ya kuota. Mtoto huyu alizaliwa kifuku cha korongo, na mtoto wa binti yangu alizaliwa mwezi ule ule, huyo anayo kadi, ninayo hapa. Akasema, "Kama kuna polisi, nimekuja na shuka langu." Na kweli alikuwa na shuka ndani ya kapu.

Hakimu akavua miwani. "Mbona kule chini hukusema, bibi?"

"Niliogopa bwana afya. Na nilikuwa mama wa huyu."

"Na leo?"

Foibe akamtazama Enoki. "Leo vilevile ni mama wa huyu. Ila akipeleka mtoto Kaliua, mimi sitamwona, na nitabaki nimekaa na uwongo peke yangu ndani ya nyumba."

Mpaka leo sijui alisema kwa ajili yangu, au kwa ajili ya Nyemo, au kwa ajili ya upweke wake mwenyewe. Sikumuuliza. Miaka yote niliyopeleka mtoto kwake tulizungumza mvua, uwele, bei ya mbuzi, magonjwa ya wenzetu, lakini hilo halikuulizwa wala kujibiwa.

Hukumu ya chini ilifutwa. Yule mama alisoma pole pole ili nielewe: kwamba mahakama ilipima umri wa mtoto kwa kuangalia mdomo bila kumuuliza mtu yeyote mwenye ujuzi wa meno, kwamba hata kama angekuwa wa saba bado ilipaswa kwanza kuuliza mtoto atakuwa salama wapi, na haikuuliza. Nikapewa mtoto. Baba apewe nafasi ya kumwona. Kuhusu bwana afya hakusema kitu, akamwambia Foibe arudi nyumbani na shuka lake.

Nilidhani yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Enoki alitoka nje amekunja uso akaniambia, "Na mimi nitakata hiyo rufaa yako." Akaikata. Mahakama Kuu. Nilipoambiwa kwamba juu ya yule mama kuna mwingine tena, na kwamba huyo naye anaweza kugeuza, shangazi Perusi akaniambia, "Kama inapanda, nasi tunapanda. Kula." Tukapanda. Nililima vibarua vya mizabibu msimu ule mzima, mikono imepasuka, Nyemo ananifuata kwenye mistari akila zabibu mbichi mpaka tumbo likamuuma. Kila nilipoitwa nilikwenda. Kesi ikiahirishwa narudi, tarehe ikifika nipo. Enoki alikuwa amepata mtu wa kumwandikia vizuri. Hoja yake ilikuwa kwamba mama yake hakupaswa kusikilizwa kwenye rufaa, kwa sababu alikuwepo kule chini na alinyamaza. Nilipoisikia niliona ina nguvu. Niliiogopa ile hoja kuliko uwongo wa saba.

Jaji alikuwa mzee mwenye sauti ndogo, unavuta shingo kumsikia. Akasema sheria inaruhusu mahakama ya wilaya kupokea ushahidi wa ziada ikiwa na sababu, na sababu iliandikwa, na ameisoma, na inatosha. Mtu aliyenyamaza kwa hofu, akasema, hafungwi mdomo daima, hasa pale ambapo kinachoamuliwa ni maisha ya mtoto ambaye hakuwepo kwenye ugomvi. Rufaa ya Enoki ikatupwa. Nilikuwa nimemshika Nyemo mkono kwa nguvu mpaka akalalamika. Nje, Foibe alikuwa amesimama jua kali, hakutaka kuingia ndani mara ya pili. Akaniuliza neno moja tu: "Utamleta?" Nikamjibu, "Nitamleta." Kila mavuno nilimleta. Hakuna mavuno niliyoruka, hata yale ya ukame ambayo hakukuwa na cha kuvuna.

Sasa nirudi msibani. Nyemo amekuwa mama mzima, ana kazi yake Msalato, na Mungu amempa mtoto wa mwisho ambaye hakumtarajia, yuko naye mgongoni. Jino lake moja la chini liliota limepinda, jingine halikuota kamwe, na akicheka bado unaona ulimi kidogo. Siku ya pili ya matanga yule mtoto akachemka. Akalia asubuhi yote, mate yanatiririka, hataki titi. Wanawake wakamzunguka. Mmoja akaingiza kidole mdomoni mwake akatikisa kichwa.

"Fizi zimevimba. Haya ni yale ya plastiki."

"Yupo mama mmoja hapo ng'ambo ya reli. Mkono mwepesi, hata mtoto hajui."

"Apelekwe, jamani. Hata marehemu alikuwa anapeleka."

Nyemo akanitazama. Nikainuka kwenye mkeka, na kuinuka kwangu siku hizi ni kazi, kwa hiyo wote waliniona.

"Marehemu alipeleka mara moja," nikasema. "Kisha akaja kusimama mbele ya serikali na shuka kapuni akasema ni yeye aliyepeleka. Mnakumbuka la kwanza, la pili mmelisahau? Huyu hachimbwi. Huyu anakwenda rufaa."

Kutoka upande wa wanaume nikasikia sauti ya Enoki, imekwaruza kwa uzee na kwa kulia, "Mama Nyemo, ile ya majaji au ile ya madaktari?"

Watu wakacheka, mara ya kwanza tangu tufukie kaburi. Nikamwambia, "Yoyote itakayofunguliwa mapema. Wewe tafuta gari." Akainuka, mzee wa watu, akaenda kumwamsha mwanawe mwenye gari.

Tulikaa nyuma, Nyemo katikati, Enoki dirishani na fimbo yake kati ya magoti. Tulipopita stesheni ya zamani mtoto alinyamaza kidogo. Nikamchukua, nikamgeuzia kwenye mwanga, nikamfungua mdomo kwa kidole. Chini, mbele, palikuwa na kijiupe kimechomoza, kikali, kikanikwaruza ukucha.

"Jino hilo," nikasema.

Nyemo akainama kutazama. Enoki naye akajivuta. "Ni jino," akasema. "Jino tu la kawaida. Basi turudi, Mama Nyemo, tumewaacha wageni."

"Tunaendelea," nikamwambia dereva. "Wanaosoma mdomo wa mtoto kwa macho na kukata shauri papo hapo, mimi niliwahi kusimama mbele yao."

Enoki akatazama nje dirishani. Gari likaendelea.